Saa mbili, mkono mmoja mwembamba

Wengi wenu mlitegemea tuendelee na habari ya likelemba tuliyoiacha njiani juma lililopita. Itakuja. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya saa za mkono, tena si zile za dola kumi za kando ya barabara, bali mbili za bei kali sana. Tumeombwa kusaidia kuchagua, na kazi hiyo imetufundisha mambo yatakayomfaa hata yule anayenunua ya dola kumi.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mkunga wetu, yule aliyekuwa mweka hazina wa chama kwa muda mrefu, na ambaye mikono yake ilipokea watoto wengi wa nyumba zinazosoma karatasi hii, amepumzika kazi tangu mwezi wa sita. Watoto wake watatu wako Ubelgiji. Walichanga wakaamua kumnunulia mama yao saa ya kweli, ya kukaa nayo maisha yote na kumwachia mjukuu. Wakapunguza hadi zikabaki mbili: Cartier iitwayo Tank Must, kipimo kidogo, na Rolex iitwayo Lady-Datejust, ya milimeta 28, ya chuma. Hapo wakakwama. Binti mkubwa alikuwa upande wa Cartier, kijana upande wa Rolex, na kitinda mimba akasema yeye anafuata wakubwa. Mama mwenyewe, kila walipompigia simu, aliwajibu, "Ile mutapenda, ni ile." Ndipo binti akatuandikia: wamama, ninyi mnamwona kila alhamisi, mkono wake mnaujua, tusaidieni.

Tunajua neno litakalosemwa. Lilisemwa kwanza ndani ya kamati yetu wenyewe: pesa hiyo si ingejenga vyumba? Ingejenga. Cartier ile ni ya maelfu ya euro, na Rolex ni ghali zaidi yake. Lakini watoto hao ndio walioweka paa jipya juu ya kichwa cha mama yao, na ndio wanaolipa minervali ya wajukuu waliobaki hapa. Mtu akikwisha kufanya ya lazima, ya heshima nayo ina siku yake. Na sisi tukikumbuka bei ya vikwembe tulivyoshona kwa ajili ya tarehe 8 Machi, tutasema kwa sauti ya chini kidogo.

Tukaanzia pale ambapo mshonaji angeanzia: kupima. Mmoja wetu alizungusha uzi kwenye mkono wa mama, chini tu ya ule mfupa unaotokeza, akauweka juu ya rula. Sentimeta 14. Binti alikuwa amezijaribu saa zote mbili dukani kule Brussels, kwenye mkono wake yeye, na alituambia zote zinakaa vizuri. Tukamwomba apime wake. Sentimeta 16 na nusu. Basi kumbe picha zote alizotuma zilikuwa zinatudanganya, bila yeye kukusudia. Sentimeta mbili na nusu ni kitu kikubwa pale mkononi. Ni tofauti kati ya mama na binti yake mwenye afya, na mama yetu amekonda tangu ugonjwa wa mwaka juzi.

Halafu tukapima kitu ambacho wengi hawapimi: upana wa mkono kwa juu, pale saa inapolala. Mzunguko unakuambia urefu wa mkanda tu. Upana wa juu ndio unaokuambia kama saa itakaa ndani ya mkono au itatokeza pembeni kama sahani juu ya kikombe. Mama alikuwa na milimeta 45. Saa yoyote ambayo urefu wake, kutoka sikio la juu hadi sikio la chini, unazidi upana huo, itaning'inia. Masikio tunayoyasema ni yale yanayotoka kwenye kasha kushika mkanda. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye tangazo haitoshi. Wanaposema Rolex ile ni 28, wanasema duara lake peke yake. Ukiongeza masikio inapita milimeta 30. Wanaposema Cartier ile ni 29.5 kwa 22, ule urefu wa 29.5 umekwisha kuhesabu kila kitu, kwa kuwa mbavu zake mbili ndizo masikio yake.

Tukakata karatasi ngumu za boksi ya sabuni. Moja ya mstatili, 29.5 kwa 22. Moja ya duara, 28, na masikio yake. Tukaziweka juu ya mkono. Hapo tulishangaa. Wengi wetu tulidhani mstatili utakuwa mdogo zaidi, kwa sababu 22 ni namba ndogo. Lakini ukipiga hesabu, mstatili ule unafunika milimeta za mraba 649, na duara, bila masikio, 616. Ni karibu sawa! Machoni, zote mbili zilikaa vizuri ndani ya milimeta 45 za mama. Kwa hiyo lile swali la watoto, "ipi ni ndogo?", halikuwa na jibu la maana.

Tofauti ilikuwa kwenye unene, na karatasi haionyeshi unene. Cartier ile ina milimeta 6.6. Rolex inazidi 10. Tukabandika vipande vya boksi kimoja juu ya kingine hadi kufika unene huo, na mambo yakabadilika mara moja. Kwenye mkono wenye nyama, milimeta 10 hazisumbui mtu. Kwenye mkono mwembamba saa nene inainuka, inashika ukingo wa mkono wa nguo, na ikiwa nzito inapinduka upande wa kidole kidogo, na mwenyewe anabaki kuirudisha siku nzima. Mnamwona yule mama anayetikisa mkono kama anafukuza nzi? Mara nyingi ni saa nzito yenye mnyororo uliolegea.

Tupite kidogo pembeni, kwa kuwa mmoja wetu alisema saa ni pambo la wanaume. Sivyo. Wanaume wa Ulaya waliweka saa mfukoni kwa muda mrefu, na ya mkononi waliiona kuwa bangili ya wanawake. Caroline Murat, malkia wa Naples na dada ya Napoleon, aliagiza saa ya kuvaa mkononi kwa fundi Breguet mwaka 1810. Ilikuwa ni vita ya 1914 hadi 1918 iliyowafanya wanaume wengi wahamishie saa mkononi, kwa sababu askari hawezi kuingiza mkono mfukoni huku ameshika bunduki. Hiyo Tank yenyewe ilichorwa mwaka 1917, na Cartier wanasimulia kwamba umbo lake lilitoka kwenye vifaru vya vita hiyo vikitazamwa kutoka juu. Lady-Datejust ilikuja baadaye, mwaka 1957, kwa ajili ya mikono ya wanawake. Kwa miaka mingi ilikuwa ya milimeta 26, na tangu 2015 ni 28. Basi hakuna wa kumwambia mama kwamba amevaa kitu cha bwana.

Turudi kwenye boksi zetu. Kipimo kilikwisha kusema neno lake. Ilibaki kazi ya mkono. Saa inaishi na mkono unaofua, unaoosha vyombo, unaosonga bukari, unaobeba mtoto. Tukaandika maisha ya mama kwenye karatasi, tangu asubuhi hadi kulala, tukaziweka saa mbili kando yake.

Maji kwanza. Rolex imeandikiwa meta 100, na kile kifundo cha pembeni kinafungwa kwa kuzungushwa kama kizibo cha chupa. Hiyo haiogopi beseni wala mvua. Cartier imeandikiwa meta 30. Tafadhali msidanganyike na namba hiyo. Haimaanishi kwamba mtu aweza kuzama nayo meta 30. Ni presha ya jaribio la kiwandani. Kwa maisha ya nyumbani maana yake ni kwamba matone ya kunawa mikono hayaidhuru, lakini kufua nayo na kuoga nayo, hapana.

Kisha nguvu yake inatoka wapi. Cartier hii inatembea kwa betri ndogo, miaka kadhaa, bila kuuliza. Rolex haina betri: ndani yake kuna kipande kinachozunguka kila mkono unapotembea, kinakaza mtambo wenyewe. Ukiivua, inaendelea kama saa 55, halafu inasimama. Pigeni hesabu: mama akiivua ijumaa saa kumi na mbili jioni, akaivaa tena juma tatu saa kumi na mbili asubuhi, zimepita saa 60. Ataikuta imesimama, airekebishe na tarehe. Kwa mtu aliyezoea kuvaa kila siku hilo si neno. Kwa mzee anayekaa sana, ambaye mkono wake hautembei tena kama zamani, ni neno.

Na ufundi. Rolex wenyewe wanashauri saa ifanyiwe matengenezo karibu kila miaka 10, na hiyo itakuwa Ulaya, kwa bei ya Ulaya. Betri ya Cartier ni jambo dogo, lakini isibadilishwe popote. Mmoja wetu alipeleka saa yake, nzuri, zawadi ya ndoa, kwa fundi mmoja wa kando ya soko. Alifungua mgongo kwa ncha ya kisu, akaweka betri, akafunga, na ule mpira mwembamba wa kuzuia maji ukabaki juu ya meza. Mvua ya kwanza, kioo kikajaa umande kwa ndani. Kwa hiyo tukamwandikia binti: ikiwa ni ya betri, ninyi ndio mtakaoibadilisha kila mtu wenu anapokuja likizo.

Mkanda nao ni nusu ya saa, hasa kwa mkono mdogo. Mnyororo wa chuma unaondolewa vipande hadi utoshe. Viondolewe pande zote mbili kwa usawa iwezekanavyo, la sivyo kifungo kinahama kutoka katikati na kuja kuchoma pembeni. Na kwenye mkono wa sentimeta 14 angalieni urefu wa kifungo chenyewe. Kipande kirefu cha chuma kisichopinda hakiwezi kulala vizuri chini ya mkono wa mviringo, hata ukiondoa vipande vingapi. Ngozi inalala vizuri zaidi na ni nyepesi, lakini jasho na maji vinaila, na mkanda wa kawaida mara nyingi ni mrefu mno: tundu la mwisho bado linalegea, na ulimi unaobaki unapepea. Duka la kweli linaweza kuagiza mkanda mfupi. Lazima uombe.

Usalama tuliuzungumza kwa muda mrefu kuliko yote. Hapa mjini jina la Rolex linajulikana na kila mtoto wa barabarani. Tena kuna za uongo nyingi, hata mmoja wetu akacheka: mama akivaa ya kweli, watu watasema ni ya dola kumi, na hilo ndilo litakalomlinda. Wengine hawakucheka. Mwizi haulizi cheti. Ile ya mstatili, yenye namba za Kirumi, kwa macho ya wengi ni saa tu ya mama mzee.

Baada ya hayo yote tulipiga kura. Tulikuwa saba. Watano tulisema Rolex, pamoja na unene wake na jina lake. Sababu yetu kubwa ilikuwa moja: mshale wa sekunde. Tank Must ile ndogo ina mishale miwili tu, ya saa na ya dakika. Haina tarehe, haina sekunde. Rolex ina mshale wa sekunde unaozunguka, na tarehe iko chini ya kioo kidogo kinachoikuza mara mbili na nusu, msaada mkubwa kwa macho ya miaka 60 na kitu. Na mkunga anahitaji sekunde! Anashika mkono wa mgonjwa, anahesabu mapigo. Hata sasa amepumzika, wanawake bado wanamgongea usiku. Tuliona tumewaza vizuri sana. Kijana alipopata habari alifurahi, akatuandikia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake pia: akiwa mdogo mama yake alimfundisha kuhesabu kwa ile saa ya kazi, akimshika mkono na kusema, hesabu mpaka sitini.

Ilibaki kumwonyesha mama mwenyewe, kama adabu tu. Alhamisi, baada ya mkutano, tukamketisha, tukamwekea boksi ya kwanza, kisha ya pili, tukamweleza habari ya sekunde. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka.

"Bamama," akasema, "nilihesabia bantu segonde myaka makumi tatu na moya. Leo nihesabie nani?"

Akatuonyesha mkono wake wa kushoto. Hatukuwa tumewahi kufikiri. Katika miaka yote ile hakuvaa saa mkononi hata siku moja ya kazi. Ya kazi ilining'inia kifuani, imeshikwa na pini juu ya blauzi nyeupe, kichwa chini ili yeye aisome kwa kutazama chini. Mkunga ananawa hadi viwiko. Pete na saa ya mkononi vinaficha uchafu, na uchafu huo unampata mtoto. Kwa hiyo mkono wake ulikaa mtupu, na wakati wake wote ulikuwa wa watu wengine, sekunde kwa sekunde. Na anayemgongea usiku? Ile ya pini bado inatembea, akasema, iko msumarini nyuma ya mlango. Mkononi anataka kitu kisichomwuliza kazi. Saa na dakika zinamtosha kujua ibada inaanza lini na wajukuu watarudi shuleni lini.

Akachukua ile boksi nyembamba, ya mstatili, akaipitisha chini ya mkono wa blauzi yake, akaitoa, akaipitisha tena. Haikushika popote. "Ni hii."

Tulijaribu kumtisha na maji. Alisema ataivua kabla ya bukari, kama anavyovua pete, na itakaa ndani ya kikombe juu ya kabati. Tulijaribu kumshawishi achukue ya mnyororo wa chuma, kwa ajili ya jasho. Akataka ngozi nyeusi. Tukapatana na binti atume mkanda wa pili, ili mmoja upumzike wakati wa mvua.

Yule kijana alikaa siku mbili bila kujibu. Kuwa upande ulioshindwa si rahisi, na sisi ndio tuliomwambia kwamba ameshinda. Siku ya tatu aliandika kwa mama yake, si kwetu: akaomba kwamba siku mama atakapoacha kabisa kufungulia wanaogonga usiku, ile saa ya pini asimpe mwingine.

Cartier ilifika mwezi uliopita, ndani ya mfuko wa shangazi yao, imefungwa katika soksi ya mtoto. Pamoja na barua zetu zote, mkanda mfupi haukuagizwa. Tundu la mwisho lililegea kidole kizima. Hatukuthubutu kuugusa kwa msumari. Fundi viatu mmoja mwenye mkono mtulivu alitoboa tundu jipya kwa kifaa chake cha duara, sisi watatu tukiwa tumesimama juu ya kichwa chake, hata akatuomba tumwachie mwanga.

Zile boksi za kupimia bado ziko kwa katibu wetu, pamoja na rula. Mama yeyote anayetaka kununuliwa saa, ya bei yoyote ile, aje alhamisi na uzi wake. Na habari ya likelemba, tutairudia juma lijalo.